Hukumu ina jina langu, kosa ni la bima

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Tanga, naishi Leicester huu mwaka wa saba, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Nina mke na mtoto wa miezi minane. Nakuandikia saa kumi na moja alfajiri nikiwa kwenye gari nje ya nyumba. Sijaingia ndani, maana nikiingia nitaulizwa "benki wamesemaje?" na sina la kujibu.

Oktoba iliyopita niligonga gari la mama mmoja kwenye kipilefti. Mvua, giza, nikadhani ameshaondoka, kumbe bado amesimama. Bampa lake likabonyea na taa moja ikavunjika. Kosa langu, sikubisha. Tulipeana namba, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshapiga simu bima. Nina bima kubwa. Wakaniambia niwaachie wao.

Januari ikaja bahasha nene kutoka mahakamani, Northampton. Yule mama ananidai pauni 3,772, gharama ya kukodi gari jingine kwa siku 41. Matengenezo ya gari lake bima ilishayalipa, tena gereji walikaa nalo siku 11 tu. Nilishtuka kuona jina langu ndilo lililoandikwa kama mdaiwa, la bima halipo popote. Nikapiga picha kurasa zote, nikawatumia bima kwa barua pepe siku ile ile. Jibu likaja: tumepokea, usijibu chochote mahakamani, mawakili wetu watashughulikia. Nikalala usingizi.

Mwezi wa pili tukahama nyumba. Mwezi wa tano, baada ya miaka mitano ya kuweka akiba, tukaomba mkopo wa nyumba. Siku mbili tu, umekataliwa. Yule wakala wa mikopo ndiye aliyeniambia: "Una CCJ", yaani County Court Judgment, hukumu ya deni ya mahakama. Hukumu ilitolewa tarehe 17 Februari, jumla pauni 4,118 pamoja na gharama, na barua yake ilikwenda kule tulikohama.

Nimepiga simu bima, nimesikiliza muziki wao dakika arobaini, mwisho nikaelezwa. Kwenye bima nimeandikwa jina langu na la baba. Kwenye leseni, jina la mwisho ni la babu. Karatasi za mahakama zilitumia la leseni. Mfanyakazi wao akatafuta, hakuliona, akaziweka kwenye faili la "si mteja wetu". Basi. Wamekiri, wameomba radhi, wanasema watalipa lile deni lote na mimi watanipa pauni 150 za usumbufu, nisaini kabla ya Ijumaa "na suala litakuwa limekwisha".

Mjomba wangu wa Slough anasema chukua, saini, deni la kampuni halikuhusu. Mwenzangu kazini anasema nihame tena, madalali hawatanipata. Mke wangu sijamwambia. Na mwaka huu najaza karatasi za uraia. Je, nimeshakuwa mhalifu? Nifanye nini?

Dereva wa Leicester

*

Marahaba mwanangu. Toka kwenye gari, uingie ndani. Tutafika huko kwa mkeo.

Kwanza, wewe si mhalifu. Hii ni kesi ya madai. Hakuna polisi wala jela ndani yake, na wanaodaiwa kwa karatasi kama hiyo ni wengi kuliko unavyodhani. Nimekaa miaka kumi na moja kwenye dawati la ushauri wa madeni, na wengi wao walikuja na ile bahasha ya Northampton haijafunguliwa. Wewe uliifungua na ukaituma siku ile ile. Hilo peke yake litakusaidia sana mbele ya jaji.

Ila jibu langu la haraka, kabla ya Ijumaa, ni hili: usisaini.

Pesa si ndogo, na sisemi ukatae wasilipe. Kulipa ni wajibu wao. Sheria ya Barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988, kifungu cha 151, inamtaka mwenye bima amlipe mtu wa tatu aliyeshinda kesi dhidi ya dereva wake. Hapo mjomba wako kasema nusu ya kweli. Nusu aliyoiacha ni kwamba mahakama haimjui mtu wa bima. Aliyegonga ni wewe, aliyeshtakiwa ni wewe, na daftari la hukumu lina jina lako na anwani yako. Kampuni ikikosea, kosa linaandikwa kwako.

Sasa angalia hilo neno lao, "litakuwa limekwisha". Litakuwa limekwisha kwao. Hukumu ya deni huku England na Wales hukaa kwenye daftari la umma miaka sita tangu tarehe iliyotolewa. Ukilipa deni lote ndani ya mwezi mmoja, unaomba ifutwe na inafutwa kabisa, kama haikuwahi kuwapo. Ukilipa baada ya mwezi, inaandikwa tu "imelipwa" na inabaki palepale hadi miaka sita iishe. Yako ni ya tarehe 17 Februari. Mwezi ulipita wewe unabeba makochi. Kwa hiyo bima wakituma zile pauni 4,118 kesho asubuhi, yule mama atafurahi, wao watafunga faili, na wewe utabaki na doa mpaka mwanao awe ameshaanza shule. Benki nyingi zikiona "imelipwa" zinaona kwanza neno "hukumu".

Nimeliona hili mara nyingi mno. Mtu anakuja na barua nzuri ya kuombwa radhi, na risiti ya malipo, na hundi ya kifuta machozi, anashangaa kwa nini bado anakataliwa hata mkataba wa simu. Malipo yalifanyika kabla ya kuitengua hukumu, na mdai akishapata pesa yake hana sababu tena ya kukusaidia kwa lolote. Pesa ile ndiyo kamba yenu. Ukiiachia mapema, utavuta nini?

Unachotaka ni hukumu itenguliwe. Ikitenguliwa, inaondoka kwenye daftari na kwenye kumbukumbu za mikopo, halafu ndipo deni limalizwe. Mpangilio huo usigeuzwe.

Njia ni fomu iitwayo N244, ombi kwa mahakama. Ada yake, pale upande wa pili unapoweza kupinga, ni zaidi ya pauni 300. Wote mkikubaliana na kupeleka makubaliano yaliyosainiwa, inashuka hadi zaidi ya pauni 100 hivi. Usiitoe mfukoni mwako, hiyo ni ya bima. (Wasomaji wengine wenye kipato kidogo au wanaopokea ruzuku: ipo fomu EX160 ya kuomba msamaha wa ada, na watu wanaiacha bure.) Waambie bima mawakili wao wazungumze na mawakili wa yule mama leo, si wiki ijayo. Masharti yawe hivi: hukumu ya 17 Februari inatenguliwa kwa ridhaa, bima inalipa kiasi walichokubaliana ndani ya siku 14 tangu amri hiyo, na kesi inaishia hapo. Mdai hupenda njia hiyo kwa sababu anapata pesa bila kuhangaika na madalali.

Lakini usidhani ridhaa ni mhuri. Jaji haamrishwi na nyinyi. Wapo majaji wanaokataa wakihisi watu wamekaa wakapatana tu ili kusafisha rekodi ya mtu. Kanuni inasema anaweza kutengua kama una nafasi ya kweli ya kushinda kwenye utetezi, au kama kuna sababu nyingine nzuri, na lazima aangalie kama uliomba upesi. Hayo matatu unayo, lakini uyaseme.

Utetezi unao hata kama uligonga. Hukubishi kosa, unabisha kiasi. Gari lilikaa gereji siku 11, la kukodi likatumika siku 41, hizo siku 30 zilikuwa za nini? Hilo ni swali ambalo jaji yeyote atataka lijibiwe, na bima wangeliuliza kama wangezisoma karatasi. Sababu nzuri unayo: uliagizwa kwa maandishi usijibu, na aliyekuagiza ndiye aliyepoteza karatasi. Upesi ndio uko hatarini. Uligundua mwezi wa tano. Kila wiki unayokaa kwenye gari unawaza, unaipa mahakama sababu ya kukuuliza ulikuwa wapi.

Pamoja na fomu unaambatisha tamko lako la shahidi. Watu huliogopa, huandika Kiingereza cha kukodi, "heretofore" na nini. Achana nayo. Andika kwa namba, aya fupi, tarehe kwa tarehe, kila jambo na ushahidi wake nyuma. Mfano, wa kwako ungesomeka hivi:

"4. Tarehe 14 Januari nilipokea hati ya madai. Siku hiyo hiyo, saa 2:40 usiku, niliituma kwa kampuni yangu ya bima. Nakala ya barua pepe ni kielelezo cha kwanza. 5. Saa 3:15 nilijibiwa nisijibu mahakamani kwa kuwa mawakili wao watashughulikia. Hiki ni kielelezo cha pili. Nilifuata agizo hilo. 6. Tarehe 1 Februari nilihama. Hukumu ilitumwa kwenye anwani ya zamani. Sikuijua hadi nilipoelezwa na wakala wa mikopo."

Tarehe na saa weka zako za kweli, mwisho unaweka kauli kwamba uliyoyasema ni kweli, unasaini. Ukidanganya hapo ndipo mambo ya jela yanapoanza kunukia, basi usipambe. Na kwa wasomaji wanaohangaika na Kiingereza: kanuni za mahakama za huku zinataka tamko liandikwe kwa lugha ya shahidi mwenyewe, kisha tafsiri ipelekwe pamoja nalo. Kiswahili chako kinakubalika mahakamani, wachache wanaambiwa.

Hao bima waandikie leo kabla hujalala, kwa maandishi, simu zimetosha. Kichwa cha barua kiwe "Lalamiko rasmi", maana bila hayo maneno watasema ulikuwa unauliza tu. Waambie huwezi kupokea pendekezo lao kwa sababu halifuti hukumu. Waambie wagharamie ombi, mawakili na ada. Waombe barua inayokiri kosa kwa maneno yaliyo wazi: karatasi zilipokelewa tarehe fulani, ziliwekwa faili lisilo lake, mteja hakuhusika. Barua hiyo ni kielelezo chako cha tatu, na ina thamani kuliko pauni 150. Kisha omba nakala ya kila walicho nacho juu yako, rekodi za simu na maandishi ya ndani ya faili. Ni haki yako chini ya sheria ya kulinda taarifa binafsi, bure, na kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kukupa. Kampuni inaweza kusahau ilichosema kwenye simu, rekodi haisahau.

Wana wiki nane za kukupa jibu la mwisho la lalamiko. Wasipojibu, au jibu lisipokuridhisha, unakwenda Financial Ombudsman Service, wasuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima, ambao ni bure, na una miezi sita tangu jibu hilo la mwisho. Wanaweza kuwaamuru bima wakulipe hasara na usumbufu kwa kiwango cha maana. Kama mkopo wenu ukija baadaye kwa riba kubwa zaidi kwa sababu ya doa hili, tofauti hiyo ipigie hesabu uiweke mbele yao. Ila sikiliza vizuri hapa, ndipo wengi wanapoangukia: Ombudsman hawezi kutengua hukumu. Anayeweza ni mahakama peke yake. Wiki nane za lalamiko na mbio za mahakamani ni kama saa mbili za ukutani, kila moja na mwendo wake, na ile ya mahakamani haisimami kungoja hii. Kama kufikia wiki ijayo bima hawajampa wakili kazi hiyo, peleka N244 mwenyewe, lipa ada, tunza risiti, uwadai baadaye. Najua nimesema usilipe. Bora udai pauni mia tatu kuliko ukose hoja ya upesi. Msaada wa kujaza upo bila malipo kwenye mashirika ya ushauri, Citizens Advice na National Debtline.

Madalali. Huku wanaitwa bailiffs, na kazi yao ni ileile ya madalali wa mahakama wa kwetu, ila wanabanwa na kanuni. Kwanza lazima wakutumie notisi, na wakupe siku saba kamili. Kwa deni la aina hii hawaruhusiwi kuvunja mlango kuingia mara ya kwanza, kwa hiyo usifungue, zungumza kupitia dirishani, na mkeo alijue hilo. Gari nalo usiliache wazi njiani, maana la nje wanaweza kulishika. Kwenye N244 hiyo hiyo omba pia utekelezaji usimamishwe mpaka ombi lisikilizwe. Shauri la kuhama ulilopewa kazini ndilo baya kuliko yote. Kuhama ndiko kulikofanya hukumu ikupite bila kujua. Waandikie mahakama anwani yako mpya, kwa namba ya kesi, leo hii.

Uraia: hukumu ya deni si kosa la jinai. Fomu huuliza kuhusu hukumu za madai, nawe ukiwa bado unayo jibu ndiyo na ueleze, na uambatanishe barua ya bima. Kinachowaangusha watu pale ni kuficha. Kama ungeweza kusubiri miezi michache mpaka itenguliwe, mimi ningesubiri.

Mkopo wa nyumba usiuombe tena benki nyingine kwa sasa. Kila ombi linaacha alama. Ikishatenguliwa, angalia mwenyewe kumbukumbu zako kwa watunza kumbukumbu za mikopo watatu, Experian, Equifax na TransUnion, maana hawasasishi siku moja wote, ndipo urudi kwa wakala wako na amri ya mahakama mkononi. Kama bado ipo, unaruhusiwa kuweka maelezo yako ya maneno yasiyozidi 200 kwenye kila kumbukumbu. Hayafuti, lakini anayesoma kwa macho yake atayaona.

Haya yote ni ya England na Wales. Ndugu zetu wa Glasgow, kule Scotland, wana mahakama zao na majina yao, wasinakili hapa.

Sasa mkeo. Mmeomba mkopo pamoja, si ndio? Basi kumbukumbu zenu za mikopo zimeshafungamana, na doa lako linasomwa akiangaliwa yeye. Anastahili kujua kwa sababu hiyo, na kwa sababu miaka mitano alikuwa anaweka akiba na wewe. Humwambii habari ya aibu. Unamwambia kampuni ilipoteza karatasi, hizi hapa barua pepe nilizotuma, hii hapa fomu, tukae tuijaze. Mimi ni mwanamke, na naweza kukuambia kuwa kinachouma si pauni elfu nne, ni hizo asubuhi unazokaa kwenye gari.

Halafu lile jina. Wengi wetu tumeingia nchi hii na majina matatu, pasipoti inasema moja, leseni jingine, kazini wamechagua walipendalo. Kabla bima yako haijaisha muda, piga simu iandikwe sawasawa na leseni, herufi kwa herufi, babu akiwemo. Wakikutoza cha kubadilisha jina, wakumbushe wanachodaiwa.